Ndege Wahamao na Wageni Adimu wa Septemba

Majira ya mapukutiko yanapoingia katika nchi za kaskazini mwa dunia, hasa kuanzia katikati ya Agosti hadi mwishoni mwa Oktoba, ndege kwa mamilioni huacha mahali walipozalia na kuelekea kusini. Walio wengi hupita njia zilezile kila mwaka, na tarehe za kuonekana kwao hukadirika. Wachache hutokea pasipotarajiwa: ndege wa Siberia kwenye kisiwa cha Uskoti, ndege wa Kanada kwenye kichaka cha Wales. Makundi haya mawili, wapitaji wa kila mwaka na wageni adimu, mara nyingi huzungumziwa kama mambo mawili yasiyohusiana. Kwa kweli yote ni matokeo ya mwendo mmoja, na habari za wageni hazieleweki bila kwanza kuzijua habari za wapitaji.

Ukubwa na mpangilio wa safari

Makadirio yaliyotegemewa kwa muda mrefu yalitolewa na Reginald Moreau, Mwingereza aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara Mashariki, kuanzia mwaka 1928 hadi 1946. Katika kitabu chake juu ya uhamaji wa ndege kati ya Ulaya, Asia na Afrika, kilichochapishwa mwaka 1972, miaka miwili baada ya kifo chake, alikadiria kuwa ndege bilioni 5 hivi huingia Afrika kusini mwa Sahara kila mwaka. Utafiti wa mwaka 2009, uliohusu ndege wadogo wa nchi kavu watokao Ulaya tu, ulipata bilioni 2.1. Hesabu hizo hazipingani moja kwa moja, kwa kuwa eneo lililohesabiwa na njia za kukadiria ni tofauti. Zote mbili zinaonyesha jinsi mgeni mmoja adimu alivyo mdogo mbele ya msafara wenyewe.

Msafara huo hauondoki kwa mkupuo mmoja. Teleka huiacha Ulaya ya kati mwishoni mwa Julai na mwanzoni mwa Agosti. Sululu na vitwitwi wanaozalia kwenye tundra huanza kurudi kusini mapema, wakubwa wakitangulia na wadogo wakifuata wiki kadhaa baadaye bila wazazi. Ndiyo maana kwenye maji kupwa ya Mida Creek karibu na Watamu, au kwenye delta ya Rufiji, wanaotangulia kufika Agosti ni ndege wazima, baadhi yao wakiwa bado na mabaki ya manyoya mekundu ya msimu wa kuzaa. Korongo weupe huondoka Agosti. Septemba ni mwezi wa mbayuwayu na wa ndege wengi wadogo walao wadudu. Oktoba ni zamu ya aina za masafa mafupi, zinazoishia kusini mwa Ulaya au Afrika ya Kaskazini. Kwa hiyo mwanzo wa Septemba huwakuta wasafiri wa masafa marefu wa aina nyingi wakiwa njiani kwa wakati mmoja, na kadiri walio njiani wanavyokuwa wengi, ndivyo nafasi ya mmojawao kupotea inavyoongezeka.

Kinachowasukuma na kinachowaongoza

Kichocheo kikuu cha safari ni urefu wa mchana. Ndege aliyefungiwa kizimbani, mwenye joto na chakula tele, huanza kuhangaika usiku msimu unapofika, akirukia upande uleule ambao wenzake wa porini wanaelekea. Kabla ya kuondoka hula kupita kiasi. Acrocephalus schoenobaenus, ndege wa kwenye matete mwenye uzito wa gramu 10 hadi 12, anaweza kufikia gramu 20 hivi kabla ya kuvuka jangwa. Mtafiti anayemshika mkononi akapuliza taratibu manyoya ya kifua huyaona mafuta hayo chini ya ngozi laini, kama tabaka la njano lililojaa kuanzia koo hadi tumbo. Hiyo ndiyo akiba yote ya safari.

Wengi wa ndege wadogo husafiri usiku. Hewa huwa baridi na tulivu zaidi, ndege mbuai hawapo, na mchana hubaki kuwa wa kula na kupumzika. Dira zao zimechunguzwa kwa zaidi ya miaka 70. Gustav Kramer alionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwamba kwezi hutumia jua. Wolfgang Wiltschko alithibitisha katika miaka ya 1960 kwamba Erithacus rubecula, ndege mdogo wa Ulaya, huhisi usumaku wa dunia. Stephen Emlen alichapisha mwaka 1967 majaribio yaliyofanywa chini ya nyota za bandia, ambamo ndege walibadili mwelekeo kufuata anga waliyoonyeshwa.

Jaribio linaloeleza vizuri zaidi habari za wageni adimu ni la Mholanzi A. C. Perdeck, lililochapishwa mwaka 1958. Kwezi wapatao 11,000 walikamatwa Uholanzi wakiwa safarini, wakavishwa pete na kupelekwa kwa eropleni hadi Uswisi, kisha wakaachiliwa. Kwezi wazima, waliokwisha kusafiri angalau mara moja, walirekebisha njia na kurudi kuelekea makao yao ya kawaida ya baridi kaskazini mwa Ufaransa na kusini mwa Uingereza. Vijana waliendelea na uelekeo uleule waliozaliwa nao, wakaishia kusini mwa Ufaransa na Hispania. Kijana, basi, amerithi uelekeo na kadiri ya muda wa kuruka, lakini bado hana ramani. Akisukumwa nje ya njia hajui kwamba amesukumwa. Hii ndiyo sababu wageni adimu wa Septemba na Oktoba kwa kawaida ni ndege waliotoka kuzaliwa mwaka huohuo.

Mapito yaliyobanwa

Ndege wakubwa waelea angani, kama korongo na jamii ya tai na mwewe, hutegemea hewa moto inayopanda kutoka ardhini. Juu ya bahari hewa hiyo ni haba, kwa hiyo huikwepa bahari na kukusanyika mahali nchi kavu inapokaribiana na ng'ambo: mlango wa Gibraltar, wenye upana wa kilomita 14 hivi, mlango wa Bosporus huko Istanbul, na rasi ya Falsterbo kusini kabisa mwa Uswidi. Huko Falsterbo wapitaji wamehesabiwa kwa utaratibu uleule tangu mwaka 1973, kuanzia tarehe 1 Agosti hadi 20 Novemba kila mwaka.

Upande wa mashariki pito kubwa ni Batumi nchini Georgia, ambako milima na Bahari Nyeusi hubana njia kuwa ukanda mwembamba. Ndege mbuai zaidi ya milioni moja huhesabiwa hapo katika msimu mmoja. Kilele cha Pernis apivorus, anayekula mabuu ya nyigu, huwa mwishoni mwa Agosti na mwanzoni mwa Septemba. Wengi wa ndege wa Batumi huendelea kupitia Mashariki ya Kati na kuingia Afrika, na sehemu yao hupita Bonde la Ufa. Hesabu za namna hii hazivutii kama taarifa ya mgeni mmoja, lakini ndizo zinazoonyesha kama aina fulani inaongezeka au inapungua.

Maana mbili za adimu

Neno adimu hutumika kwa hali mbili zisizofanana. Hali ya kwanza ni uchache wa aina yenyewe duniani. Acrocephalus griseldis huzaliana hasa katika mabwawa ya kusini mwa Iraki na kushinda majira ya baridi Afrika ya Mashariki, yakiwemo maeneo ya pwani ya Kenya na Tanzania. Mabwawa hayo yalikaushwa kwa sehemu kubwa na serikali ya Saddam Hussein katika miaka ya 1990, na maji yakaanza kurudishwa mwaka 2003. Ndege huyu anapoonekana delta ya Tana hajapotea. Yupo nyumbani kwake pa kusini. Uadimu wake ni suala la uhifadhi.

Hali ya pili ni kuwa nje ya mahali pake. Phylloscopus inornatus, mwenye uzito wa gramu 6 hivi, huzaliana kwa wingi katika misitu ya Siberia na kwenda Asia ya Kusini-Mashariki. Katika Siberia yenyewe hana uadimu wowote. Anakuwa adimu anapotokea kwenye pwani ya magharibi ya Ulaya. Taarifa nyingi za Septemba zinazosisimua watazamaji ni za aina hii ya pili, na kuzichanganya na za kwanza huleta makosa. Aina inaweza kuonekana mara nyingi zaidi ugenini huku ikipungua kwao, au ikaadimika duniani bila yeyote kuishangaa mahali ilipozoeleka.

Njia tatu za kupotea

Sababu ya kwanza ni upepo. Ndege wa Skandinavia huondoka usiku wenye anga safi. Wakiwa juu ya Bahari ya Kaskazini wakakutana na mvua na upepo wa mashariki, huyumbishwa hadi pwani ya Uingereza na kutua popote penye nchi kavu. Mfano unaotajwa zaidi ni wa tarehe 3 Septemba 1965 huko Suffolk, ambapo mvua kubwa iliwashusha ndege ambao makadirio ya wakati huo yaliwaweka katika mamia ya maelfu kwenye kipande kifupi cha pwani. Wengi wao walikuwa aina za kawaida za Skandinavia zilizokuwa zikielekea Afrika. Katikati ya wingi huo walikuwemo pia wale wanaoonekana kwa nadra Uingereza. Mwaka ule ulithibitisha kanuni inayojulikana sasa: adimu huja pamoja na wa kawaida, kwa upepo uleule.

Sababu ya pili ni tufani za Atlantiki. Ndege wadogo wa Marekani ya Kaskazini huondoka pwani ya mashariki mwa bara hilo Septemba, baadhi wakikata juu ya bahari kuelekea Karibiani na Amerika ya Kusini. Wakiingia katika mkondo wa kimbunga kinachogeukia mashariki, hubebwa na upepo wa nyuma hadi Ulaya. Septemba 2023, baada ya mabaki ya kimbunga Lee kuvuka bahari, ndege wengi wa aina hiyo walionekana ndani ya siku chache Ireland, Wales na Uskoti. Mmoja wao, Cardellina canadensis, alipatikana Pembrokeshire akiwa wa kwanza wa aina yake kuthibitishwa nchini Uingereza.

Sababu ya tatu imo ndani ya ndege mwenyewe. Wageni wa Siberia hufika Ulaya ya magharibi hata katika miaka ambayo upepo hautoshi kueleza umbali wa kilomita maelfu. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba baadhi ya vijana hurithi uelekeo uliokosewa, wakaruka magharibi badala ya kusini-mashariki. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2023 uliongeza jambo jingine: misukosuko ya usumaku wa dunia iliendana na ongezeko la ndege waliokutwa nje ya maeneo yao wakati wa uhamaji wa mapukutiko. Sababu hizi tatu hazitengani. Kijana mwenye uelekeo mbaya naye hubebwa na upepo.

Kwa nini visiwa

Ndege aliyepotea hutua popote, lakini huonekana mahali pachache. Fair Isle, kisiwa kilicho kati ya Orkney na Shetland, kina urefu usiofika kilomita 5 na hakina msitu wa kujificha. Ndege mdogo akitua hapo atakuwa kwenye ukuta wa mawe, shamba la viazi au mtaro, na mtu atampita karibu. Kituo cha kuchunguza ndege kilianzishwa na George Waterston mwaka 1948. Kazi yake ya kila siku ni ya kuchosha: kisiwa hugawanywa katika maeneo, kila eneo hutembelewa na mhesabuji, na jioni orodha husomwa aina kwa aina na idadi kuandikwa, wakiwemo wale ambao kila mtu amewaona. Jengo la kituo liliteketea kwa moto Machi 2019, lakini kumbukumbu zilikuwa zimekwisha kuhifadhiwa kidijitali.

Mtangulizi wa kazi hii ni Helgoland, kisiwa cha Ujerumani katika Bahari ya Kaskazini. Mchoraji Heinrich Gätke alihamia huko mwaka 1837, akaandika habari za ndege kwa zaidi ya miaka 50 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1891. Kituo rasmi kilifuata mwaka 1910. Jina la kisiwa limebaki kwenye mtego unaotumika hadi leo: handaki pana la nyavu za waya lililojengwa juu ya vichaka, linaloendelea kusinyaa hadi kwenye sanduku dogo. Ndege huongozwa ndani polepole, hupimwa bawa na uzito, huvishwa pete yenye namba na kuachiliwa. Pete hizo za alumini zilianzishwa na mwalimu wa Denmark, Hans Christian Mortensen, aliyewavisha kwezi mwaka 1899.

Namna ya kuthibitisha

Taarifa ya ndege adimu ni madai, na madai huhitaji ushahidi. Uingereza ina kamati maalumu ya kuchunguza taarifa hizo tangu mwaka 1959. Mtazamaji hueleza alichokiona: umbo, urefu wa bawa, alama za uso, sauti, hali ya mwanga, umbali, na jinsi alivyoziondoa aina zinazofanana. Siku hizi picha na sauti zilizorekodiwa huambatanishwa, na wakati mwingine manyoya yaliyoanguka hupimwa vinasaba.

Uangalifu huo una historia. Kuanzia miaka ya 1890 hadi mwaka 1930 hivi, eneo la Hastings kusini mwa Uingereza lilitoa ndege adimu wengi mno, wengi wao wakiwa wamepigwa risasi na kukaushwa. Mwaka 1962 jarida la British Birds lilichapisha uchambuzi ulioonyesha kwamba wingi huo haukulingana na wa maeneo jirani wala na wa miaka iliyofuata. Karibu rekodi 600 zikafutwa kwa kushukiwa kuwa za udanganyifu. Udanganyifu ule haukugunduliwa kwa kuchunguza ndege mmojammoja. Kilichoufichua ni hesabu za kawaida za mahali pengine, ambazo zilitoa kipimo cha kulinganishia.

Tahadhari nyingine inahusu watazamaji wenyewe. Taarifa huongezeka siku za mapumziko, karibu na miji na kwenye visiwa maarufu. Kamera bora na simu za mkononi zimeongeza rekodi bila lazima ndege kuongezeka. Bila kujua ni watu wangapi walitazama, kwa saa ngapi, na siku zipi hawakuona kitu, idadi ya wageni adimu hupima bidii ya watu zaidi ya mwenendo wa ndege.

Kutoka kupotea hadi njia mpya

Wageni wengi waliopotea hufa, lakini si wote. Sylvia atricapilla, ndege mdogo, anayezaliana Ulaya ya kati kwa kawaida huenda kusini-magharibi. Katika karne ya 20 baadhi walianza kushinda majira ya baridi Uingereza. Peter Berthold na wenzake walionyesha mwaka 1992 kwamba makinda ya ndege hao, waliolelewa kizimbani, hurithi uelekeo wa magharibi kutoka kwa wazazi wao. Anthus richardi, ndege wa nyika za Siberia anayetakiwa kwenda kusini mwa Asia, alihesabiwa kwa muda mrefu kuwa aliyepotea anapofika Ulaya. Utafiti wa Paul Dufour na wenzake uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba sehemu yao hukaa kusini mwa Ufaransa wakati wa baridi, hurudi Siberia kuzaa, kisha hurudi tena Ufaransa. Kosa limegeuka njia. Mageuzi hayo yalionekana kwa sababu kulikuwa na rekodi za miaka mingi zilizoandikwa kabla ya yeyote kujua zingekuwa na maana gani.

Upande wa Afrika

Ndege walioondoka Ulaya na Asia Septemba hawafiki kusini mwa Afrika mara moja. Wengi husimama Sudan na Ethiopia, kisha huzifuata mvua na kufika Kenya na Tanzania Novemba na Desemba. Kwenye vilima vya Ngulia, Tsavo Magharibi, usiku wa ukungu usio na mwezi, taa za hoteli huwavuta wasafiri wa usiku, na tangu mwaka 1969 ndege mamia ya maelfu wamekamatwa hapo kwa nyavu laini na kuvishwa pete. Mmoja wa wanaokamatwa kwa wingi ni Acrocephalus palustris, ambaye dume lake huimba Ulaya kwa kuiga sauti za ndege wengine. Françoise Dowsett-Lemaire aligundua mwaka 1979 kwamba dume mmoja huiga kwa wastani aina 76, na zaidi ya nusu ni ndege wa Afrika. Wimbo wake ni orodha ya njia aliyopita.

Wengine hutoka mbali zaidi. Phylloscopus trochilus wa mashariki kabisa mwa Siberia, mwenye gramu 10, husafiri takriban kilomita 13,000 hadi mashariki na kusini mwa Afrika. Kekeo aliyepewa jina la Onon, aliyefungwa kifaa cha setilaiti Mongolia mwaka 2019, alivuka Bahari ya Hindi na kufika Zambia, akarudi mwaka uliofuata. Kozi wa Amur, Falco amurensis, huondoka China na mashariki mwa Urusi, hupumzika kaskazini-mashariki mwa India, kisha huivuka Bahari ya Arabu kwa msaada wa pepo za kaskazini-mashariki, kaskazi ileile iliyoleta majahazi pwani ya Uswahilini.

Hatari za njiani

Tathmini ya BirdLife International ya mwaka 2015 ilikadiria kuwa ndege milioni 11 hadi 36 huuawa kinyume cha sheria kila mwaka katika eneo la Mediterania. Mwaka 2012 kozi wa Amur kwa maelfu walinaswa kwa nyavu huko Nagaland, India; mwaka uliofuata vijiji vilikubaliana kuacha, na mauaji ya halaiki yakakoma. Mwanga wa miji ni hatari isiyo na nia mbaya. Utafiti wa mwaka 2017 ulionyesha kuwa nguzo mbili za taa zinazowashwa New York kila tarehe 11 Septemba ziliathiri ndege wapatao milioni 1.1 katika usiku saba wa miaka tofauti. Taa zilipozimwa kwa muda mfupi, ndege walitawanyika na kuendelea na safari. Huko Chicago, usiku wa kuamkia tarehe 5 Oktoba 2023, ndege karibu 1,000 walikufa kwa kugonga vioo vya jengo moja.

Thamani ya kinachoonekana

Ndege adimu peke yake huthibitisha kidogo: kwamba siku fulani, mahali fulani, alikuwepo. Akiwekwa pamoja na hali ya hewa, umri wake, idadi ya wapitaji wa kawaida siku hiyo na rekodi za miaka iliyotangulia, hueleza upepo, urithi na mabadiliko ya makao. Kwa hiyo orodha kamili ya ndege wa kawaida, iliyoandikwa kila wiki mahali palepale, ina faida zaidi kwa elimu kuliko safari ya kumfuata mgeni mmoja. Kenya Bird Map na eBird hupokea orodha za namna hiyo, na mtazamaji wa Tanga, Kisumu au Bukoba anaweza kuanza na mbayuwayu wa kwanza wa Septemba: tarehe, saa, mahali na idadi.